Kazi ya Kupangisha Fremu na Kuuza Viwanja: Malipo Yake na Adha Zake

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)

 

Nimeombwa nieleze kazi yangu, yaani kazi ya kupangisha fremu za biashara na kuuza viwanja kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka hapa mjini Bagamoyo. Mwenyekiti aliponiomba alitoa sababu mbili. Ya kwanza, mabinti wa wanachama wanauliza kama kazi hii inalipa. Ya pili mnaijua wote: mkutano mkuu ujao una ajenda ya kutumia fedha za mfuko kununua kiwanja kando ya barabara kubwa na kujenga fremu 4. Nitazungumza yote mawili, maana huwezi kulifahamu la pili bila la kwanza.

Kabla sijaendelea niweke wazi jambo, nisije nikasemwa nikishatoka hapa. Mimi ni dalali. Kiwanja kikinunuliwa kupitia kwangu, kwa desturi napata changu. Katika kiwanja cha kikundi sichukui hata senti moja, wala kwa muuzaji sichukui. Nimemwomba Katibu aliandike hilo katika kumbukumbu za kikao, na ameliandika.

Sasa malipo. Dalali hana mshahara. Watu wakimwona amevaa vizuri, simu mbili mkononi, wanadhani kuna mahali anasaini kila mwisho wa mwezi. Hakuna. Desturi ya huku kwetu na Dar es Salaam ni hii: ukimpatia mtu fremu au nyumba ya kupanga, malipo yako ni kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi anayelipa ni mpangaji anayeingia. Ukiuza kiwanja au shamba, unapata asilimia 5 mpaka 10 kwa kadiri mlivyopatana. Halafu kuna hela ya kuonyesha, hiyo ni nauli tu na maji ya kunywa. Na kuna kitu kinaitwa cha juu. Mwenye kiwanja anasema nataka milioni 15, dalali anamwambia mnunuzi ni milioni 18, hizo 3 zinabaki mfukoni mwake, na juu ya hapo anadai asilimia. Wengi wanaishi kwa cha juu. Mimi sikipendi, na wala si kwa utakatifu. Mji huu ni mdogo. Mnunuzi na muuzaji watakutana tu, kama si msikitini basi msibani, na bei itatajwa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme fremu ya Kerege inapangishwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mtu anasema, aha, dalali kala laki moja. Ngoja kwanza. Mimi ninayo fremu, mteja kaletwa na dalali mwenzangu wa Tegeta. Hapo tunagawana, kila mtu 50,000. Mteja huyo nimempeleka kuona fremu 6 kabla hajaridhika. Tuseme kila safari bodaboda ni 3,000, hiyo 18,000 imekwenda. Vocha 5,000. Kinachobaki ni 27,000, na shughuli yote imechukua wiki mbili. Na huyo ni mteja aliyechukua. Wapo wengi wanaotembea wiki nzima, mwisho anakwambia mume wangu amesema tusubiri kwanza.

Miezi nayo haifanani. Januari watu wanalipa ada za shule, fremu hazitoki. Masika yakianza Machi mpaka Mei, viwanja vya ndani huko Kiromo na Zinga huwezi kumpeleka mtu, gari linazama kwenye tope, na kiwanja kizuri kinaonekana bwawa. (Ingawa mimi kwa upande wangu huwaambia wateja: kiwanja nenda ukakione wakati wa masika. Wakati wa kiangazi kila kiwanja ni kizuri.) Kuanzia Juni mambo yanaanza kuchangamka. Kwa hiyo dalali mwenye akili anakula Juni akikumbuka Aprili. Kama si hisa zangu humu ndani ya kikundi, miezi ile ya mvua ningekuwa nakopa kwa watu wa riba za kukata shingo, na hili halina kutia chumvi.

Adha kubwa kuliko zote ni kurukwa. Kuna mwenye jengo mmoja, jina lake libaki tumboni mwangu, alinipa fremu 5 nimtafutie wapangaji. Nikahangaika, nikamletea mwenye duka la dawa, mtu wa uhakika, mwenye leseni yake. Wakabadilishana namba za simu mbele yangu, wakachekeana. Siku ya tatu naambiwa yule mteja kaghairi. Wiki ya pili napita na daladala, naona duka la dawa limefunguliwa, rangi mbichi. Nikaenda kudai changu, nikaambiwa kwani una karatasi? Ndipo kazi hii inapomfunza mtu. Siku hizi simwonyeshi mtu kitu bila karatasi: ukurasa mmoja, jina la mwenye mali, malipo ya dalali ni kiasi gani, nani analipa na lini, sahihi mbili na shahidi. Wengine hukasirika. Anayekasirika kwa ajili ya karatasi nimekwisha kumjua.

Kuna upande wa pili wa kazi hii, wa watu wa mshahara. Ndugu zangu wakubwa watakumbuka, mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe lilikuwa limeundwa mwaka 1962, na mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa nalo. Kwa miaka mingi basi mtu aliyekuwa akipangisha majengo ya biashara mjini alikuwa mtumishi wa umma, mwenye faili, mwenye likizo, mwenye pensheni. Leo wapo pia wanaoajiriwa na makampuni ya kusimamia majengo, mabenki, halmashauri na wathamini binafsi. Kazi zao ni kukusanya kodi, kukagua majengo, kuandika mikataba, kuthamini mali inayowekwa rehani. Hao wana shule. Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam kinafundisha usimamizi wa ardhi na uthamini, na kuna vyuo vya ardhi Morogoro na Tabora kwa ngazi za chini. Mthamini hawezi kujiita mthamini hivi hivi, sheria ya mwaka 2016 inataka asajiliwe na bodi. Dalali kama mimi, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, sijawahi kuulizwa nimesoma wapi. Uzuri wa kazi hii umo humo, na ubaya wake pia.

Kwa hiyo binti anayeniuliza shangazi, nifanye udalali? namjibu: kama umefaulu, nenda chuoni, usiige njia yangu. Kama hukufaulu, njoo, lakini uwe na kazi nyingine ya kukulisha mwaka wa kwanza. Na ajue pia kwamba Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa nyumba na viwanja umo humo. Nafasi ipo kwa Watanzania. Ila nafasi ikiwa wazi kila mtu anaingia, na kijiweni tumejaa.

Kijiweni kwenyewe mwanamke si rahisi. Siku za mwanzo nilikuwa naulizwa, mama, nyumbani huna kazi? Mteja akija wanamkimbilia wao, wewe unabaki na kanga yako. Lakini mwanamke ana mlango wake. Wajane wananiita mimi. Mabibi wenye mashamba ya minazi wananiita mimi, kwa sababu wakiwaita vijana wanaogopa kusainishwa wasichokijua. Na mimi nina swali langu ambalo vijana hawaliulizi. Mwanamume akija kuuza nyumba au kiwanja nauliza: mkeo yuko wapi? Akisema hana habari, nafunga daftari. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Nimepoteza kamisheni kwa swali hilo zaidi ya mara moja. Shoga zangu, mnaocheka huko nyuma, nyumba zenyewe ni zenu.

Sasa nije kwenye kiwanja chetu.

Bei ya fremu inafuata miguu ya watu. Bagamoyo hii inalijua jambo hilo kuliko mji wowote katika pwani hii. Zamani za misafara, wapagazi walishuka kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu, mji ukawa na maghala, maduka, nyumba za kupanga. Wajerumani wakaufanya makao yao makuu. Mwaka 1891 wakahamisha makao kwenda Dar es Salaam. Majengo hayakuhama, bado yapo, piteni Mji Mkongwe mkayaone. Waliohama ni wapangaji.

Karne ilipita, likatujia tena. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa makubaliano na Wachina juu ya bandari kubwa ya Mbegani, Oman nayo ikaingia, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Jamani, miaka ile! Watu walikuwa wanashuka kutoka Dar es Salaam na fedha taslimu kwenye mifuko ya nailoni. Shamba la mihogo lilipewa bei ya kiwanja, na kiwanja kikapewa bei ya ghorofa. Madalali tulikula, sitaficha. Halafu mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti ya mradi ule hayakubaliki, mambo yakasimama. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Mimi siyo mtabiri wa bandari. Ninachosema ni kwamba mwuzaji akikwambia bei hii ni kwa sababu bandari inakuja, mwambie bandari ikija nitakulipa ya bandari, leo nipe bei ya leo.

Kiwanja tulichoonyeshwa kiko barabarani kabisa, na ndiyo sifa yake iliyowavutia wengi. Mimi hapo ndipo ninapopata shaka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu kila upande kutoka katikati ya barabara, sasa ni mita 30. Mnazikumbuka zile alama za X kwenye kuta. Iliyoandikwa nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi ya zamani, bomoa, hulipwi. Ya kijani maana yake umekutwa na nyongeza, hao wana haki ya fidia, ila kuisubiri fidia ni kazi nyingine. Muuzaji wetu ametuonyesha kiwanja kuanzia kwenye mtaro. Mtaro hauko mita 30 kutoka katikati ya barabara, hilo halihitaji mhandisi. Inawezekana nusu ya kile tunachotaka kununua ni cha barabara, na sehemu itakayobaki haitoshi fremu 4 na maegesho.

Kuna waliosema basi tuchukue kile kingine cha ufukweni, tujenge banda la chakula. Huko nako Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na hakijapimwa.

Jambo la pili ni karatasi za muuzaji. Ametuletea barua ya serikali ya kijiji na mkataba wa mauziano wa mwaka ambao yeye mwenyewe alinunua. Si vitu vibaya, lakini havitoshi. Ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti peke yake, wala na halmashauri ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo tuulize, mkutano huo ulikaa lini na muhtasari wake uko wapi. Na kama eneo limekwisha pangwa na kupimwa, tuonyeshwe namba ya kiwanja na kitalu, tuipeleke ofisi ya ardhi ya halmashauri watuambie jina lililomo humo ni la nani. Kuna watu wamenunua kiwanja kimoja watu watatu, wote wana mikataba, wote wana mashahidi, na shahidi ni yule yule.

La tatu, jina. Tukinunua, jina la nani liandikwe? Nimesikia pendekezo la kuandika la Mwenyekiti. Mwenyekiti, unisamehe, wewe nakuamini, lakini una watoto, na watoto wana shangazi zao. Mungu akikuchukua, sisi tutaanza kuhudhuria mirathi ya familia yako kudai kiwanja chetu. Sheria ya Ardhi inaruhusu watu kadhaa kumiliki kwa pamoja kila mmoja kwa fungu lake, na ipo pia njia ya kuandikisha wadhamini. Mwanasheria atueleze ipi inatufaa, gharama yake tuihesabu ndani ya bei.

Halafu hesabu yenyewe. Kwenye kikao kilichopita ubao uliandikwa hivi: fremu 4, kila moja 100,000, kwa mwaka 4,800,000. Makofi yakapigwa. Mimi naomba tuirudie. Kwanza fremu hazikai na watu mwaka mzima, hasa mpya. Tuseme kila moja ikae tupu miezi miwili, hiyo ni 800,000 imetoka, inabaki 4,000,000. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA, hiyo 400,000, tunabakiwa na 3,600,000. Ushuru wa stempu wa mkataba upo. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na hapo tujiandae kwa ugomvi, kwa sababu anayenunua umeme ni mpangaji na kodi ni ya mwenye nyumba, atataka mrudishiane. Rangi, bati lililong'oka, choo kilichojaa, kodi ya ardhi: tuseme vyote ni 400,000. Tunabaki na 3,200,000. Ikiwa kiwanja na ujenzi vitafika milioni 30, fedha zetu zitarudi baada ya miaka 9 na ushei. Na milioni 30 hiyo ni makadirio ya siku tulivu, kabla saruji haijapanda.

Milioni 30 hiyo hiyo ikiwa ndani ya sanduku letu inazunguka. Mama anakopa kununua dagaa, mwingine anakopa mashine ya kukoboa, wanarudisha, anakopa mwingine. Tukiizika ardhini, mwaka ule wa ujenzi mikopo itasimama, na nani atasimama nayo? Siyo mimi wala Mtunza Hazina, sisi tuna pa kukimbilia. Ni wale wanaokopa 200,000 kila msimu. Humu ndani wapo zaidi ya nusu, nami nawaona nyuso zenu.

Sisemi tusinunue. Naona kikundi cha miaka 10 kinastahili kuwa na mali inayoonekana. Rai yangu ni tununue kiwanja kilichopimwa, kiwe cha nyuma kidogo ya barabara, kwenye njia ya kuingilia mtaani ambako watu wanashuka daladala na kutembea kwa miguu kwenda nyumbani. Hapo ndipo wanaponunua mkate, sukari na vocha. Fremu za barabarani kabisa magari yanazipita mbio. Tutumie sehemu ya mfuko, si mfuko wote, na ujenzi usubiri mpaka mzunguko mmoja upite bila mikopo kuguswa. Fremu ya kwanza iwe moja, tuione inavyopangishwa. Najua wapo wasiokubaliana nami, na mama mmoja ameniambia mlangoni kwamba dalali anayekataza watu kununua ni sawa na muuza samaki anayesifia mchicha. Nimecheka, lakini sijabadilika.

Kuhusu kiwanja cha barabarani, kabla ya mkutano mkuu twende tukapime. Fundi mmoja wa hapa jirani ametuazima mkanda wa mita 50. Tutaondoka Jumamosi saa 2 asubuhi kutoka hapa hapa, tunataka watu wanne, na muuzaji nimemwarifu awepo na mkewe. Tutaanza kupima katikati ya barabara, kwa hiyo aje mtu mmoja mwenye kitambaa chekundu cha kusimamisha magari. Nauli kila mtu ajilipie.